Sindano Niliyoisoma Baadaye

Kosa langu la kwanza katika kazi ya dispensari lilikuwa kuuliza swali zuri mbele ya mtu asiyefaa kulisikia, kisha kuliandika jibu lake kwa wino.

Daftari la Serikali lilikuwa na safu nne: jina, kijiji, ugonjwa, dawa. Mimi niliongeza ya tano, kwa rula na wino mwekundu, nikaandika juu yake: Ana mimba? Hakuna aliyenituma. Nilikuwa dresa, mhudumu wa chini ya daktari, niliyefundishwa miezi sita tu kuosha vidonda, kuchanganya kwinini, kuchoma sindano na kuhesabu mapigo ya moyo. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya Kiingereza na kamusi iliyokosa herufi tatu za mwisho. Katika kimoja nilisoma kwamba zipo dawa zisizomfaa mwenye mimba, na tangu hapo sikupata raha mpaka nilipochora ile safu. Mimi ni mtu wa kurudi kutoka nusu ya njia kuhakikisha mlango umefungwa, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha.

Katika miezi minane safu ile ilijaa neno moja: Hapana. Kwa mujibu wa daftari langu, ukingo mzima wa vilima kutoka Isansa kushuka Mlowo haukuwa na mwanamke mjamzito hata mmoja, ingawa watoto walizidi kuzaliwa. Mmoja alinijibu hapana huku tumbo lake likilisukuma daftari polepole kuelekea ukingo wa meza. Nilimwandika hapana, nikalivuta daftari, nikampa dawa ya kikohozi. Alijifungua siku ya pili. Hata hapo sikujiuliza kama swali langu lina kasoro. Nilijiuliza kama wino mwekundu unawatisha.

Ulikuwa mwezi wa saba, kahawa inaanikwa kila uwanja na makapi yanapeperuka, siku walipomleta yule mwanamke kwa machela. Nilimsikia kabla sijamwona. Kifua chake kilipiga filimbi kama birika. Majirani wanne walimbeba, na mbele yao alitembea baba mkwe wake, mzee mrefu mwenye koti la jeshi, ambaye hakugeuka nyuma hata mara moja. Mume alikuwa ng'ambo, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia, kama nusu ya waume wa kwetu, na kwa hiyo mzee alilazimika kumsindikiza mkamwana wake. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Basi mzee aliingia dispensari kwa kutanguliza bega, akausemesha mwimo wa mlango.

"Mwanangu dresa," aliuambia ule mwimo, "huyo aliye nyuma yangu hapati pumzi."

"Nimeona, baba. Mlazeni. Hapana, mkalisheni. Mkalisheni wima."

Walimkalisha. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na mabega yalipanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Pumu. Nilikuwa na dawa yake, adrenalini, vichupa vidogo vya kioo ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo niliouvaa shingoni. Ningepaswa kuvunja kichupa saa ileile. Badala yake nilifungua daftari.

"Una mimba?" nilimwuliza, kwa sauti, ili asikie juu ya filimbi yake.

Wale wabebaji wanne waligundua kwamba kamba ya machela inahitaji kukazwa. Baba mkwe aliinua uso akaanza kukagua mabati ya dari, moja baada ya jingine. Yule mwanamke alinitazama kwa macho ambayo sasa nayaelewa, akatikisa kichwa.

Nilichovya kalamu. Nikaandika Hapana. Wino ulikuwa hafifu, kwa hiyo nilichovya tena nikaipitia herufi ya mwanzo. Kwa ule muda wa kuchovya mara ya pili namwomba radhi mpaka leo.

Kisha nikamchoma, kiasi kidogo, chini ya ngozi ya mkono. Mikono yake ilianza kutetemeka, moyo wake ukaenda mbio, halafu filimbi ikashuka, ikashuka zaidi, ikawa pumzi. Rangi ikarudi midomoni. Akaomba maji. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mtu anayeomba maji.

"Hiyo ndiyo sindano," alisema mbebaji mmoja. "Bwana dresa, mimi nina goti."

"Hii si ya goti."

"Jaribu tu kidogo."

Waliondoka wakiniimbia sifa mpaka chini kwenye kijito, na mimi nikabaki mlangoni nikijiona daktari.

Wiki moja baadaye alikuja mama mkwe wake na tenga la ndizi na kuku mwekundu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kusema kidogo na kutazama sana. Aliweka kuku juu ya daftari.

"Nimekuja kushukuru. Umetuokolea wawili."

"Wawili wepi, mama?"

"Mkamwana wangu na aliye ndani."

Yule kuku alilichafua daftari na sikujali, jambo ambalo kwa anayenijua linatosha kueleza hali yangu.

"Lakini aliniambia hapana."

"Ulimwuliza mbele ya nani?"

"Mbele ya wabebaji. Na mbele ya mzee."

"Basi," alisema, kama mtu aliyemaliza kueleza.

Kisha akanieleza yale mengine, kwa sauti ya chini, kwa sababu mimba changa kwetu haitangazwi. Huyo alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walitoka wakiwa wa miezi mitatu au minne, mmoja akichuma kahawa, mwingine akiwa amekaa tu. Mwanawe alikuja likizo wakati wa Pasaka, akarudi migodini, akasema kama huyu atakaa, ataacha migodi na kurudi kulima shamba la baba yake. Asipokaa hakusema atafanya nini.

"Wenzake wengi hawarudi," alisema mama. "Wanaoa hukohuko. Kwa hiyo ukiniona na kuku, usifikiri ni kuku tu."

Alipoondoka nilifunga mlango nikafungua kitabu.

Kitabu hicho lazima nikieleze. Kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza cha nguvu za dawa mwilini, hakina jalada, nilichokinunua kwenye duka la Mhindi pale Mlowo. Yeye alikipata ndani ya kasha la vitu vya mlowezi mmoja aliyeuza vyote na kurudi kwao. Nilikuwa nakisoma kwa utaratibu, kutoka ukurasa wa kwanza, kila siku kurasa mbili na kamusi, na nilikuwa bado kwenye dawa za kutapisha. Adrenalini ilikuwa mbali mbele. Sikuona sababu ya kuruka. Mtu akiruka hujua mambo bila msingi.

Siku hiyo niliruka.

Niliona kwamba dawa hiyo haifungui kifua peke yake. Hugusa misuli mingi isiyoamrishwa na mtu, ukiwemo ule wa mji wa mimba. Ukimpa paka asiye na mimba, misuli ya mji wake hulegea. Ukimpa paka mwenye mimba, misuli ileile, kwa dawa ileile, hujikaza. Na mabadiliko hayo hayangoji mimba ikomae. Huanza ingali changa. Sungura yeye hujikaza kila mara, awe nayo asiwe nayo. Panya hulegea. Niliposoma neno lile la kujikaza nilishika meza. Mimba ya miezi mitatu, ya mwanamke aliyekwisha kupoteza mbili, na mimi nimemmiminia dawa ya kukaza.

Chini kabisa ya ukurasa, mstari wa mwisho ulianza hivi: Kwa mwanamke, hata hivyo.

Ukurasa ulikuwa wa mia mbili na kumi na mbili. Nilifunua. Uliofuata ulikuwa wa mia mbili na kumi na tisa, na ulihusu minyoo.

Nilisoma ule wa minyoo wote, labda mwanamke amejificha humo. Hakuwemo. Karatasi tatu zilikuwa zimechanwa kwa uangalifu, karibu na uzi. Nilibaki na hata hivyo. Asubuhi ya siku iliyofuata nilikuwa na hakika kwamba hata hivyo ni neno la faraja: paka hujikaza, mwanamke hata hivyo halegei wala hajikazi, au hulegea. Kufikia saa sita mchana nikakumbuka kwamba kabla ya hapo mwandishi alikuwa akisema juu ya panya, na panya hulegea. Basi hata hivyo ya mwanamke ilikuwa inamtenga na panya. Nikashindwa kula chakula cha mchana.

Jumamosi nilishuka Mlowo kwa baiskeli ya dispensari. Mwenye duka alikuwa akipima chumvi.

"Kile kitabu ulichoniuzia," nilimwambia, "kina upungufu."

"Bwana dresa, ulinunua kitabu au karatasi?"

"Kitabu."

"Mimi niliuza karatasi. Zilizokuwemo ulipata zote. Zisizokuwemo sikukuuzia."

"Zimekwenda wapi?"

Alinyosha kidevu kuelekea baraza. "Tumbaku. Karatasi ile nyembamba, wazee wanaipenda. Haiwaki haraka. Ningejua ni tamu hivyo nisingekuuzia hata kidogo."

Barazani walikaa wazee wanne, kila mmoja na sigara ya kusokota. Niliwasalimia kwa heshima zote, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa pamoja, kisha nikamwomba wa karibu anionyeshe sigara yake.

"Unataka kuvuta?"

"Hapana, baba. Nataka kusoma."

Hakushangaa hata kidogo. Aliishika sigara mbele ya macho yangu na kuizungusha taratibu, kama mtu anayeonyesha pete. Kweli ilikuwa chapa ya kitabu changu. Nilipata nusu mstari.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Inasema juu ya mbwa."

"Mbwa kafanyaje?"

"Amechomwa sindano, na msuli wake..." Hapo moto ulikuwa umefika.

"Nisomee haraka basi, nami navuta nikijua ninachovuta." Akavuta. Msuli wa mbwa ukaenda. Wenzake walinipa zao kwa ukarimu mkubwa. Mmoja alikuwa anavuta gazeti. Mwingine alikuwa na kipande kisicho na maneno, cha pembeni mwa ukurasa, na aliomba msamaha kwa hilo. Wa nne alikuwa amekwisha kumvuta wake, akasema kama angejua ana mtu anayemhitaji angeacha kishungi. Mwanamke wangu alikuwa amepanda hewani pale Mlowo, labda wiki nyingi kabla sijaingia kwenye tatizo hili.

Kwa kuwa kitabu kilininyima, niliamua kumtazama mwenyewe. Kila siku saa kumi, baada ya kufunga, nilipanda baiskeli nikapita kwao, nikasimama kwenye uzio wa minyaa na kuuliza habari ya kifua. Kwa kweli kifua hakikunihusu. Nilikuwa natazama anavyotembea, anavyoinama, kama ameshika kiuno, kama kanga yake imefungwa juu au chini. Nilirudi nyumbani nikaandika yote kwenye karatasi. Jumatatu: ameinama kuokota kuni, ameinuka vizuri. Jumanne: ameshika kiuno, lakini kila mtu anashika kiuno.

Siku ya tisa nilimkuta mama mkwe peke yake kwenye uzio.

"Bwana dresa."

"Naam, mama."

"Mwanangu yuko Rhodesia. Hajafa."

"Najua, mama."

"Pumu gani hii inayotazamwa kila siku saa kumi?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Neno lilifika kwenye meno. Lakini nilimwona akinikazia macho, nikamwona kwa mawazo mwanawe akishuka basi la Tunduma na shoka, nikasema pumu ya wakati wa baridi ina hila zake.

"Hila naziona," alisema. Nikapanda baiskeli.

Niliacha kwenda kwa siku tatu. Siku ya nne nikapata habari, kwa mgonjwa wa jicho, kwamba mkamwana wa nyumba ile ameshinda ndani akiumwa tumbo. Sikumbuki nilivyofika. Nilisimama nje ya ukuta wa chumba chake na saa mkononi. Nikimsikia akiguna nahesabu dakika mpaka mguno mwingine. Saba. Tano. Tisa. Haikuwa na mpango, na hilo lilinipa tumaini, kwa maana nilisoma kwamba mji wa mimba ukijikaza hujikaza kwa mpango.

Mama mkwe alitoka na sufuria akanikuta nimeegemea ukuta wa nyumba yake nikihesabu.

"Amekula maharage," alisema. "Nilimwambia hayajaiva. Ni upepo."

"Una hakika, mama?"

Kutoka ndani ya chumba upepo wenyewe ulitoa ushahidi, mrefu na usio na shaka. Nilifurahi kiasi cha kusema asante. Mama alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeanza kuimba. Na sauti ya yule mwanamke, iliyojaa aibu, ikauliza kutoka ndani, "Mama, kuna mtu hapo?"

"Hakuna mtu," alijibu mama. "Ni dresa."

Wakati huo paka wa dispensari alikuwa na mimba. Alifugwa ili kuzuia panya wasitafune bandeji, na kila aliponipita na tumbo lake niliona ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ukitembea kwa miguu minne. Sasa naona upumbavu wake: habari za paka nilikuwa nazo zote, nilichokosa ni za mwanamke. Lakini hofu haichagui. Inashika kilicho karibu. Nilijiambia kwamba nikiona kwa macho yangu jinsi paka mwenye mimba anavyojikaza, na kwa muda gani, na kama watoto wake wanabaki, nitajua kitu. Kulikuwa na kichupa kimoja ambacho dawa yake imeanza kugeuka rangi ya waridi, na dawa ikigeuka hivyo hutupwa, kwa hiyo hata Serikali haikupoteza chochote. Nililipanga jambo zima kwenye karatasi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na nje kulikuwa na wagonjwa kwenye benchi. Niliwaambia wasubiri kidogo, nikafunga mlango wa ghala.

Kwenye karatasi paka alikuwa ametulia. Kwenye ghala alikuwa na miguu minne na kila mmoja una rai yake. Nilimbana kati ya magoti, nikashika ngozi ya shingo, nikasogeza sindano, naye akageuka ndani ya ngozi yake mwenyewe, jambo ambalo kitabu hakikulitaja, na sindano ikazama kwenye paja langu. Kwa mshtuko nikasukuma. Yote.

Haikuchukua muda. Moyo ulianza kutwanga, kwanza mchi mmoja, kisha michi mitatu kwenye kinu kimoja. Vidole vikawa baridi. Mikono ikacheza. Nilifungua mlango nikatoka nje nikiwa na mikwaruzo hadi kwenye viwiko, jasho linanichuruzika, meno yanagongana.

Benchi lote lilisimama.

"Ana nini?"

"Amejichoma dawa yake."

"Ile ya pumu?"

"Ndiyo hii wanayotuchoma sisi? Basi mimi nimepona." Mtu huyo alichukua fimbo yake akaondoka, na alikuwa amekuja kwa kidonda cha mguu.

Kwenye benchi lile alikuwepo mama mkwe, amekuja kwa ajili ya jicho lake. Alinishika mkono, akanikalisha chini kwenye kivuli cha ukuta, akawaambia wengine wageukie barabara. Akakaa karibu yangu.

"Haya," alisema. "Sema."

Dawa ile humfungua mtu kifua, na mimi ilinifungua chote. Nilimweleza habari za paka na sungura na panya na mbwa aliyevutwa Mlowo. Nilimweleza kwamba nilimchoma mkamwana wake dawa hii inayonitikisa sasa, kabla ya kusoma, na kwamba huenda inaukaza mji wa mimba, na kwamba huenda haiukazi, na kwamba sijui, na kwamba mimi si daktari, ni mtu mwenye vitabu. Nilisema nikitetemeka hivyo kwamba maneno mengine nililazimika kuyarudia.

Alilipangusa jicho lake kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku zile zote ulikuwa unamtazama tumbo. Si uso."

"Tumbo, mama."

"Afadhali."

Akacheka kidogo, bila sauti, mabega tu. Halafu akaacha kucheka.

"Ungeniambia siku ile ya kuku."

"Niliogopa."

"Mimi naogopa tangu Pasaka. Kila anapokwenda chooni naogopa. Ungeniambia tungeogopa pamoja." Alininyoshea kidole kwenye kifua, pale moyo unapotwanga. "Na hii itakaa muda gani?"

Sikuwa nimefikiri juu ya hilo. Nilitoa saa yangu tukaitazama wote wawili. Mtetemeko ulianza kutulia kabla mkono mrefu wa saa haujamaliza robo, na ulipofika nusu nilikuwa nimechoka tu, kama mtu aliyepanda mlima.

"Inapita," alisema mama.

"Inapita."

"Na yule wangu ulimchoma mwezi uliopita, tena kidogo. Sasa acha paka. Mwulize daktari."

Daktari wa wilaya alipita kila mwezi kukagua dispensari. Alikuwa Mzungu aliyekisema Kiswahili kwa uangalifu, neno moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nilikuwa nimeandika maungamo yangu kurasa nne na nakala yake. Nilitegemea kufukuzwa, hata ufunguo wa shingoni nilikuwa nimeuvua na kuuweka mezani. Alisoma yote, akarudia ukurasa wa paka, akapitisha kiganja usoni.

"Paka ni paka," alisema. "Mwanamke si paka."

"Ndiyo, bwana. Lakini baada ya hata hivyo kitabu kilisema nini?"

"Karibu na kuzaa, dawa hii kwa mwanamke mara nyingi hupoza misuli. Haiikazi. Miezi ya kwanza..." Alitafuta neno. "Hatujui vizuri. Nani atakubali kupimwa? Kitabu kinasema hivyo. Kurasa nyingi, kusema hatujui vizuri."

Nilifikiria wale wazee wa Mlowo. Walivuta kutojua kwa karatasi tatu nzima.

"Lakini hili tunajua," aliendelea. "Mama akikosa hewa, mtoto anakosa hewa. Ungengoja kitabu, ungezika wawili. Akibanwa tena utafanya nini?"

"Nitafikiri, bwana."

"Hapana. Utachoma. Kidogo, kama ulivyofanya. Kufikiri utafanya baadaye. Unajua sana kufikiri." Akaurudisha ule ufunguo upande wangu wa meza.

Alibanwa tena mwezi wa kumi, watu wanapochoma mashamba kungoja mvua na moshi umelala bondeni. Walimleta wabebaji walewale. Safari hii mama mkwe alikuwepo, anakimbia kando ya machela. Nilimwomba mzee anitazamie kama baiskeli yangu imefungwa vizuri kule nyuma, na wabebaji wamsaidie kutazama. Walikwenda wote watano, kwa heshima. Baiskeli haikuwa na kufuli.

Nilimwinamia mama. "Mzigo upo?"

"Upo. Jana ulicheza."

Nilivunja kichupa. Mimba ya miezi sita, msuli ule mbele yangu chini ya kanga, na kitabu kimenyamaza. Yule mwanamke alinishika kifundo cha mkono. Hakuweza kusema, lakini alinivuta kuelekea kwake, hakunisukuma. Nikamchoma.

Mama aliweka kiganja juu ya tumbo la mkamwana wake. Mimi nilitazama kifua, yeye alishika tumbo, na hakuna aliyetazama daftari.

"Linakaza?" niliuliza.

"Limelala."

Filimbi ikashuka.

"Sasa?"

"Limelala. Nyamaza."

Pumzi ikaanza kuingia na kutoka bila kelele. Kisha mama akashtuka, na mimi nikashtuka kwa kuwa yeye ameshtuka.

"Nini? Limekaza?"

"Amenipiga teke," alisema mama, akiacha kiganja palepale. "Moyo wa mama yake umemwamsha. Ana hasira huyu."

Yule mwanamke alianza kucheka na kukohoa kwa pamoja, na nje nilisikia wanaume watano wakibishana kama gurudumu la nyuma limepinda.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, msichana, nyumbani, mikononi mwa bibi yake, wakati mimi nimekwama na tope upande wa pili wa kijito. Baba yake alifika kutoka migodini akiwa na sanduku la bati na cherehani, na hajarudi ng'ambo. Mwaka huu amepanda miche mipya ya kahawa mpaka karibu na barabara.

Safu yangu ya tano bado ipo, ila siku hizi naiandika kwa penseli, na swali lenyewe namwuliza mama mkwe wa mgonjwa, pembeni, baada ya kuwatafutia wanaume kazi. Majibu yamebadilika sana. Kwa daftari la sasa, vilima vyetu vina wajawazito wengi kuliko nilivyowahi kuota. Bado nasoma kurasa mbili kila siku, bado nahakikisha mlango mara mbili, na habari ya mwanamke katika miezi ya kwanza bado siijui, wala sijakutana na anayeijua. Kilichobadilika ni kwamba nikikosea namwambia mgonjwa siku hiyohiyo, kabla sijafungua kitabu.